Kifurushi cha Mwezi Mmoja

Dongobesh, 10 Agosti 2025

Kwa Gidahosh, mchunga ng'ombe wa wenzake,

Nakusalimu kwa mkono mmoja. Wa pili nimeshika mfuko, maana nakufahamu. Kama bado unapumua, vizuri. Kama umekufa, Monica asimame hapahapa, aikunje barua, anisubiri nije kula nyama ya msiba.

Monica binti yangu, marahaba. Najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Msomee baba yako kwa sauti, wala usiruke matusi. Nimeyatafuta kwa jasho.

Mimi mzima ila masikio. La kushoto lilikufa zamani, na la kulia limelifuata kama mke mwema. Simu ukipiga nasikia nyuki tu, ndiyo maana naandika kwa hii elimu yangu ya darasa la nne, nusu yake nilikuwa nachunga mbuzi wa mwalimu. Wewe macho yamekwisha kwa trakoma, mimi masikio. Tukipata fundi mzuri akatuunganisha, anatoa mzee mmoja kamili na vipuri vinabaki.

Sasa habari yenyewe. Kuna filamu. Si ya kuigiza, ni ya mambo yaliyotokea kweli, ile ya tope la mlima Hanang la mwaka juzi. Wale wapiga picha waliokuja kwako mkiwa mnajenga kilima cha kaburi la Mama Monica, wameimaliza kazi yao. Lakini hawaionyeshi hadharani kama mpira. Wameifungia ndani ya programu ya simu, na hiyo programu ina mlango, na mlangoni kuna mtu anataka elfu kumi na tano. Ukilipa, mwezi ukiisha anataka tena. Padri wetu mwenyewe mvua zikigoma huwa anapumzika kidogo kudai sadaka, lakini huyu hajui kiangazi wala masika.

Gervasi, yule kijana anayechaji simu za watu na kuonyesha mpira hapa stendi, alipewa siku saba za bure aonje. Unajua alionja nini? Pweza. Siku zote saba pweza. Nikamuuliza pweza ni nini, akaniandikia kwenye karatasi: mnyama wa baharini mwenye mikono minane. Nikamwambia huyo wangemleta huku avune vitunguu saumu. Anasema mle ndani kuna na wazungu wanaojenga nyumba kwa barafu, na mtu aliyetembea jangwani akanywa mkojo wake. Nikauliza, ya kutibu ukungu wa vitunguu saumu ipo? Hakuna. Basi huo si uchumi.

Anayetaka tulipie ni Kornelia, mke wangu. Wewe unajua kwa nini, lakini naandika ili mwenyewe nione kama naweza kuandika. Binti yetu Agatha alikwenda Katesh na magunia ya vitunguu saumu, akalala chumba kimoja na mkeo pale jirani na soko, na asubuhi mlima ukawashukia. Mkeo alipatikana. Agatha hakupatikana. Toka hapo Kornelia amekataa Misa ya marehemu, amekataa mtu kusema marehemu, na kila jioni anapakua chakula kwenye ile sahani yenye maua mekundu, anaifunika, inalala mezani. Siku za mnada anakwenda stendi kulipokea gari la Katesh. Abiria wakishuka, anamuuliza Tito kondakta, "Hao tu?" Tito anasema, "Hao tu, mama." Halafu anarudi nyumbani kuchambua maharage.

Sasa amesikia kwamba kwenye filamu kuna kambi ya waathirika, na watu waliopoteza kumbukumbu kwa mshtuko. Anasema Agatha anaweza akawa pale nyuma ya mtu, ameshika bakuli la uji.

Mimi napinga. Nasema ni gharama. Mzee akiwa bahili hakuna anayemuuliza zaidi.

Wewe umo ndani ya filamu hiyo. Nijibu kama mwanamume: inafaa kulipiwa, au ni pweza tu?

Akonaay, mwenye meno sita na yote yanafanya kazi


Bomani kwetu, nje ya Katesh, 19 Agosti 2025

Kwa Akonaay, mla ugali wa jana,

Sijafa. Nikikumbuka jinsi unavyokula msibani napata nguvu ya kuishi.

Filamu naijua kwa masikio, maana mimi ninayo. Walikuja vijana na gari refu. Mmoja aliniwekea mdomoni kitu chenye manyoya kama mkia wa ndama, akasema ongea. Akaniuliza najisikiaje. Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akasema hana. Basi nikaona maongezi yetu yana mguu mmoja, nikamwonea huruma, nikaongea.

Nilimwambia habari ya siku ile. Kwamba waokoaji walipomtoa Mama Monica, sura haikuwa ya kutambulika, na mimi hata ingetambulika nisingeiona. Nilipiga magoti nikashika mkono wake mpaka kwenye kifundo. Nikagusa bangili ya shaba. Nikasema, huyu ni wangu, nipeni. Tukamleta hapa bomani tukamzika, na tukamjengea kilima kwa miti na udongo, na pombe ya asali, kama anavyojengewa mzee mwanamume mwenye heshima. Wapo walionung'unika kwamba mwanamke hafai. Niliwaambia anayenung'unika aje tupigane, nitampata kwa harufu.

Kila asubuhi nakwenda kwake kwa fimbo. Nampa habari za maziwa. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ni mpumbavu, hutanicheka.

Kuhusu kulipa, mimi kipofu unaniuliza habari ya picha? Monica ameiona kwenye simu yake. Nampa kalamu aseme mwenyewe.

Gidahosh, kwa mkono wa Monica


Baba Akonaay, shikamoo. Ni mimi Monica. Nililipia mwezi mmoja nilipokuwa bado Singida chuoni. Ni saa nzima. Sehemu kubwa ni mlima kutoka juu, muziki wa huzuni, na wataalamu wanaeleza udongo. Zipo picha za simu walizochukua vijana siku yenyewe, sikuziangalia vizuri, nilikuwa nalia. Kambi inaonyeshwa kidogo tu. Sidhani kama inafaa kulipiwa, baba. Lakini mama Kornelia akiniambia nimtazamie nini, nitairudia. Mwezi wangu haujaisha.


Dongobesh, 31 Agosti 2025

Gidahosh, adui wa sabuni,

Sikukucheka. Nilijaribu, ikakataa.

Barua hii si yako, ni ya Monica. Wewe sikiliza tu, ukitaka kukohoa, kohoa.

Monica, nimemsomea Kornelia maneno yako. Akafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Jioni ndipo aliponituma niandike, akasimama nyuma ya kiti changu nisije nikachanganya na mzaha. Anasema umtazamie mambo mawili.

La kwanza, bangili ya shaba, mkono wa kushoto. Labda wewe hukumbuki, ulikuwa unanyonya. Mwaka ule wa njaa baba yako na mimi tulipofanya undugu, mimi nikamwachia mahindi, yeye akanipa ng'ombe wa kukamua, mama yako alivua bangili moja katika zile zake, akamvisha Agatha. Akasema, huyu sasa nimemzaa na mimi. Mkono wa mtoto ulikuwa mdogo, bangili ikafungwa kwa uzi. Alipokua uzi ukatolewa. Hakuivua tena, hata kwa Komunyo ya Kwanza. Masista walisema ni ushenzi. Nikawaambia wajaribu wao kuivua. Hawakuweza.

La pili, mkono huohuo, kidole cha kati hakina ncha. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe iliondoka nayo akiwa darasa la sita. Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha mpini.

Ukimwona mtu wa namna hiyo kambini, hata kwa nyuma, hata nusu, andika.

Kornelia anauliza pia kama umeshaolewa. Hilo la kuolewa ni langu, nimemsingizia.

Akonaay


Katesh, 14 Septemba 2025

Kwa ndugu Akonaay,

Salamu. Sisi hatujambo, na tunamshukuru Mungu. Kuhusu ile filamu, tunawashauri msiilipie. Imeshaondolewa. Tena lugha yake ni Kiingereza kitupu. Tena mtandao wa Dongobesh hautaweza. Agatha hayumo kambini. Tumeangalia vizuri. Fedha hiyo nunueni mbolea.

Wasalaam,
Gidahosh


Dongobesh, 28 Septemba 2025

Monica,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Barua ile umeitunga wewe, na baba yako hajui kama ipo. Toka tumejuana hajawahi kuniita ndugu bila kuongeza mwizi. Hakuna tusi hata moja, ni kama barua ya halmashauri. Halafu mwanangu, filamu iliyoondolewa ina haja gani ya kuwa ya Kiingereza? Na kama ni ya Kiingereza tusichokielewa, mtandao wa nini? Mtu akikuzuia mlango kwa sababu tatu, ndani kuna maiti.

Nimelipa. Nilimpa Gervasi, akabonyezabonyeza, mlango ukafunguka. Nilikwenda peke yangu mchana, saa ambayo hakuna mpira. Kornelia nilimwambia nakwenda kunyoa. Akatazama upara wangu.

Gervasi aliniwekea simu kubwa juu ya kreti la soda. Alipouliza kama niongezewe sauti, nikamcheka. Mimi kiziwi sikusikia huo muziki wa huzuni wala wataalamu wa udongo. Nilimwona baba yako anaongea na mkia wa ndama, midomo inakwenda. Nikajua anadanganya kuhusu idadi ya ng'ombe. Gervasi pembeni alikuwa analia kwa maneno ya baba yako. Mimi sina maneno. Mimi nina macho tu, basi nikawa natazama mikono.

Zikaja hizo picha za vijana, zinatikisika. Tope, mabati, mguu wa meza. Watu wanne wamebeba mlango, na juu ya mlango kuna mtu amefunikwa kitenge. Mkono umeponyoka umening'inia. Baba yako anapiga magoti. Anaushika kwenye kifundo, kwenye shaba, anashika hapo hapo kama mtu aliyepata ukingo wa kisima. Hakushuka chini kwenye vidole.

Nikamwambia Gervasi, simamisha. Akasimamisha. Nikamwambia, rudisha. Akarudisha. Kidole cha kati hakina ncha.

Sasa wewe ndiye uniandikie. Uliona nini, na baba yako anajua nini? Nijibu upesi. Jana Kornelia aliniuliza huyo kinyozi alininyoa wapi.

Akonaay


Katesh, 6 Oktoba 2025

Baba Akonaay, shikamoo.

Niliona. Nilipopata barua yako ya bangili na kidole, niliirudia filamu nikiwa nimejifunika shuka. Nilisimamisha palepale uliposimamisha wewe. Mara ya kwanza nililia kwa ajili ya mama nikimtazama Agatha, sikujua.

Siku ya mazishi mimi sikuwepo. Nilikuwa kwenye mitihani, barabara zimekatika, nikafika kaburi limefunikwa. Wanawake waliomwosha walikuwa watu wa mbali wa ukoo, hawakujua vidole vya mama wala vya Agatha. Waliambiwa na baba ni Mama Monica, wakamwosha Mama Monica. Na mama alikuwa na bangili nyingi, nao wakasema nyingine zimekwenda na tope. Nani angehesabu siku ile?

Baba hajui. Naapa kwa maziwa. Barua ile niliandika mwenyewe, nisamehe. Sikujua kutukana kama yeye.

Sasa nikueleze hali yake. Tangu masika haendi tena mnadani. Hali nyama. Amekonda mpaka fimbo ndiyo nene. Kitu kinachomtoa kitandani ni kile kilima. Anakipapasa chote kuzunguka, akikuta udongo umemomonyoka anauziba kwa mikono, anamwambia ng'ombe yupi kazaa, nani kaoa. Mwezi uliopita nilimsikia anamwambia, "Nisubiri, nakuja upande wa kushoto." Ameshatuonyesha mahali pa kumlaza.

Kama nikimwambia kwamba kwa miaka hii miwili anaongea na mtoto wa Akonaay, na mkewe bado yuko chini ya lile tope, nadhani hatafika hata jioni.

Na mama yangu yuko huko, baba. Juu ya tope lile pembeni ya barabara watu wameshapanda alizeti. Zimestawi sana. Napita na baiskeli sitazami.

Lakini Agatha ni wenu. Kaburi ni haki yenu. Mkitaka tufukue, mje, nitashika jembe mimi mwenyewe, na baba nitamwambia mimi mwenyewe. Mtakaloamua nitalifanya.

Monica


Dongobesh, 26 Oktoba 2025

Monica mwanangu, marahaba.

Barua yako ilikaa ndani ya Zaburi kwa muda. Niliiweka hapo kwa sababu ni kitabu ambacho mimi sionekani nikikifungua. Kornelia akaikuta. Hajui kusoma sana, lakini aliona jina la Agatha. Akaniwekea mbele, akaweka na miwani juu yake.

Nilimwambia yote kwa sauti, na mimi nisiyesikia sauti yangu mwenyewe huwa napiga kelele. Nadhani kijiji kizima kilisikia, kisipokuwa mimi.

Hakulia. Alisema, "Twende kwa Gervasi." Akaenda na kanga ya kanisani.

Gervasi alifika palepale akasimamisha. Kornelia akanyoosha mkono aupapase ule mkono. Simu zenyewe unazijua. Alipogusa tu, picha ikaruka, akaja mtaalamu wa udongo. Gervasi akarudisha. Akapapasa tena, picha ikakimbia tena, safari hii tukaletewa mlima. Gervasi akarudisha tena. Wakaenda hivyo mpaka Kornelia alipojifunza kumpapasa mwanawe bila kumgusa, kidole kikienda juu ya kioo, hakitui. Watu wa mpira walikuwa wamejaa mlangoni. Gervasi aliwafukuza wote. Mechi ilikuwa kubwa. Tangu siku hiyo simwiti tena mhuni.

Njiani kurudi akasema, "Nataka mtoto wangu." Nikasema sawa. Akasema alale juu kule, kwenye shamba la vitunguu saumu, karibu na mfereji. Nikasema sawa. Siku kadhaa ikawa ni hivyo, na mimi nikaanza kutafuta watu wenye majembe na wenye midomo iliyofungwa. Nilikuwa na hasira pia, usidhani mimi ni mtakatifu. Nilikuwa namwambia baba yako usiku maneno ambayo hata yeye hayajui: kwamba wewe hukuona, sawa, lakini vidole je? Sentimita chache, mzee! Ungeshuka sentimita chache!

Jumatano Kornelia aliniomba nimsomee tena ile sehemu ya baba yako na kilima. Nikasoma. Akaniuliza, "Anapoziba udongo, anaziba kwa mikono?" Nikasema ndiyo, imeandikwa mikono. "Kila asubuhi?" Kila asubuhi. Akaendelea kuchambua maharage. Baadaye sana akasema, "Huku kwetu ningemfuata kaburini mara ngapi? Jumapili. Na Krismasi. Na magoti haya." Kisha akasema, "Kumbe mtoto wangu anaamkiwa kila siku."

Majembe yamerudi stoo.

Karatasi ya pili hii hapa msomee baba yako. Ya kwanza ichome jikoni, na usimame hapo mpaka iwe majivu.

Akonaay


(Karatasi ya pili)

Gidahosh, gunia la mifupa,

Nasikia umekonda. Ulitaka kunizidi katika nini tena?

Mke wangu amenikumbusha kwamba toka Mama Monica azikwe hatujaja kumlilia. Tulikuwa na la kwetu, na barabara ilikuwa mbaya, na mimi nilikuwa mvivu. Anasema ni aibu, mwanamke aliyemvisha mtoto wetu shaba. Tunakuja wiki ya pili ya Novemba kwa gari la Tito. Kornelia atalia. Mimi nitakula. Chinja kitu chenye nyama, usituletee mbuzi aliyekufa kwa uzee kama wewe.

Akonaay


Bomani kwetu, nje ya Katesh, 23 Novemba 2025

Kwa Akonaay, mwizi, ndugu,

Umekula mbavu zote. Nilikuwa nahesabu kwa sauti ya mifupa inayoanguka. Meno sita yanafanya kazi ya kumi na mbili.

Lakini sikuandikii wewe. Mwite Kornelia.

Shemeji, mimi nimezika watu wengi, na nimesikia vilio vya namna zote. Kuna mtu analia huku anasikiliza kama analia vizuri. Kuna analia kwa sababu ya pombe. Wewe ulipoanguka pale kwenye kilima nilisikia ardhi inapigwa. Ng'ombe waliacha kutafuna. Wazee wa hapa walikuja kuniuliza, huyu mwanamke wa Kimbulu ni nani kwa marehemu? Nikawaambia, subirini, na mimi najiuliza.

Uliita jina la Agatha. Ulishtuka baada ya kuliita, nilisikia pumzi yako ikikatika, na mumeo akaanza kukohoa kama trekta. Usione aibu. Kila mtu anamlilia maiti wake kwenye kaburi la mwenzake. Kama huna pa kumlilia binti yako, mlilie hapa. Mama Monica atambeba, alishasema amemzaa na yeye. Njoo wakati wowote. Mumeo asije, anakula.

Wale waliokuwa wakinung'unika kwamba mwanamke hafai kujengewa kilima, sasa wamenyamaza. Wameona watu wamekuja kumlilia kutoka juu milimani.

Nakupa mtamba. Ni mwekundu, ana doa jeupe pajani, ni uzao wa yule ng'ombe wa mwaka wa njaa. Kwetu machozi ya namna ile hayaachwi yaanguke bure. Monica atamleta mpaka Haydom, Akonaay ampokee hapo, na ahesabu miguu: nimetoa minne.

Nimeanza kula kidogo.

Gidahosh, kwa mkono wa Monica


Dongobesh, 7 Desemba 2025

Monica mwanangu, marahaba.

Hii ni yako peke yako. Baba yako nimemwandikia mbali, karatasi mbili za matusi safi.

Mtamba amefika. Ameshakula nusu ya kabichi za jirani, ana damu ya baba yako. Kornelia alimshika shingoni, akakaa naye zizini mpaka baridi ikamfukuza.

Mwishoni mwa Oktoba Gervasi alikuja kusema mwezi umeisha, mlango unajifunga, tulipie mwingine? Akaongeza kwamba kama ni fedha, atalipa yeye. Nikamwambia Kornelia aamue. Akasema wafunge. Uliwahi kuniandikia kwamba haifai kulipiwa. Mzee wako nami nimepiga hesabu kwa elimu yangu ya mbuzi wa mwalimu, na sijui. Kwa elfu kumi na tano nimempata mtoto wangu na nimempoteza mama yako. Pweza sikumwona.

Jumamosi ilikuwa siku ya mnada. Gari la Tito likaja, abiria wakashuka. Tito alibaki mlangoni anatazama huku na huku. Hakuna mtu wa kumuuliza. Akaja mpaka nyumbani kuuliza kama mama ni mgonjwa. Alimkuta anapalilia.

Tulimsomea Agatha Misa. Katekista alitaka jina la mahali alipozikwa, la kuandika. Kornelia akamwambia, "Andika kwa mdogo wake, bomani." Akaandika.

Nilidhani mambo ya sahani basi yamekwisha. Jioni ile baada ya Misa nikakaa mezani, nikamwona anafungua kabati, anatoa ileile yenye maua mekundu. Akapakua ugali na mboga, akafunika, akaweka mahali pale pale. Nikaona sasa akili imeondoka. Nikamuuliza kwa upole, na mimi upole siujui, "Mama Agatha, hiyo ya nani tena? Mtoto si tumeshamlaza?"

Akasogea karibu ili nimsome midomo, maana aliona nina hofu.

"Ya Mama Monica," akasema. "Yeye ndiye hajarudi."

Akonaay